Wageni waliopwelewa Msasani

Saa kumi na mbili jioni dingi tatu, vile viboti vidogo vya kushukia ufukweni kutoka kwenye yoti, zilikuwa zimekaa juu ya tope pale diko la Msasani, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, na maji yashakimbia mbali na bado yanaendelea kukimbia. Wenye dingi walikuja ufukweni kama saa kumi na moja kununua mihogo na maji ya kunywa, dakika ishirini tu walisema, wakazifunga kamba kwenye mti wa mkungu vizuri kabisa kama mtu anayefunga mbuzi, ila wakasahau kwamba siku ile ni bamvua, mwezi mpevu, na bamvua ya Dar maji yakijaa saa kumi jioni basi saa nne usiku yako chini kabisa, na tofauti inaweza kuzidi mita tatu. Ufukwe wenye mteremko mkali ungewasamehe. Ghuba ya Msasani huku ndani ni tambarare, maji yakishuka mita moja yanakuachia uwanja wa mpira.

Kiswahili kina neno lake kwa hali hii, kupwelewa. Siku ile waliopwelewa walikuwa watu nane wa yoti tatu zilizotia nanga ghubani, familia ya Wafaransa ya watu wanne kwenye katamarani, boti ya mabodi mawili yaliyounganishwa, waliyokuja nayo kutoka Mayotte, kisiwa cha Ufaransa karibu na Komoro, mzee wa Afrika Kusini na mkewe kwenye boti ya chuma, na vijana wawili Waholanzi. Mimi nilikuwa nimeenda kuchukua samaki, changu wa oda ya mama, nikakaa mpaka saa saba usiku. Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka jana na toka hapo sijaacha kuifikiria ile jioni, maana nadhani mji wetu una kitu cha thamani ambacho tunakipoteza bila hata kujua kama tunacho.

Kwanza tuelewane kwamba hakuna aliyepanga. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawajikusanyi kwenye taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi ndo mapumziko yao, wanashona nyavu, wanacheza bao, wanalala. Kwa hiyo diko lilikuwa limejaa watu wasio na haraka. Na wageni nao hawana pa kwenda. Mwezi ule ule uliowanyima wavuvi kazi ndo uliowanyima wageni maji, na hapo ndo kila kitu kilipoanzia. Nakazia hilo kwa sababu siku hizi tukisikia "wageni na wenyeji wakutane" mawazo yetu yanakimbilia kwenye tamasha, jukwaa, spika, mgeni rasmi amechelewa masaa mawili. Hapa kulikuwa na tope tu.

Waholanzi walianza kukokota dingi yao. Dingi yenye injini ni nzito aisee, na tope la pale linameza mguu mpaka kwenye goti. Mzee mmoja nahodha, ambae pale dikoni wote tunamwita Babu, alikuwa anawaangalia tu toka kwenye gogo lake, alafu akaniambia, "Mjukuu wangu, waambie wataumia migongo bure. Maji yatarudi yenyewe. Waje wakae." Nikawaambia. Wakaja. Mtu akatandika mkeka, mwingine akasogeza ndoo akaigeuza kiti, watoto wa Kifaransa wakaenda kuangalia pweza anavyopigwa kwenye jiwe ili alainike, na dada wa mihogo akaongeza mkaa.

Ningeweza kuishia hapo nikasema sisi watu wa pwani ni wakarimu, kila mtu akafurahi. Ila hilo neno ukarimu tunalitumia kivivu sana. Tunalitumia kama vile ni tabia ya kuzaliwa nayo, kama rangi ya macho, na tukishasema hivyo tunaacha kuuliza inafanyaje kazi, inahitaji nini ili iwepo, nani anailipia. Mimi nadhani ukarimu wa pwani ulikuwa mfumo, wenye sheria zake, na ile jioni nilichokiona ni mabaki ya huo mfumo yakifanya kazi yenyewe bila kuambiwa.

Chukua Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani kutoka Morocco. Mwaka 1331 alipita pwani hii, akashuka Mogadishu, Mombasa mpaka Kilwa, na kuhusu Mogadishu aliacha maelezo ambayo ningependa kila mtu wa utalii ayasome. Anasema jahazi likifika, vijana wa mji wanatoka na vyombo vidogo kwenda kulilaki, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kusema huyu ndie mgeni wangu. Kuanzia hapo yule mfanyabiashara anafikia kwa huyo kijana, sio kwa mwingine, na huyo mwenyeji ndo anamuuzia bidhaa zake na kumnunulia. Unaona? Ile sahani sio chakula tu. Ile sahani ni mkataba. Mgeni hajui bei, hajui lugha, hajui nani mwizi, sasa anapata mtu mmoja ambae heshima yake ndani ya mji imefungwa na usalama wa mgeni. Mgeni akiibiwa, aibu ni ya mwenyeji. Na mwenyeji nae anapata riziki yake hapo hapo, wala hafichi. Ndo maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wakaweka faida ya mwenyeji wazi kwenye methali, hawakuona haya.

Sasa linganisha na yoti inayoingia Dar leo. Inapandisha bendera ya manjano kuonyesha haijakaguliwa, nahodha anashuka na faili lake, afya, uhamiaji, forodha, bandari, karatasi juu ya karatasi, mihuri. Sina ugomvi na mihuri, nchi ina mipaka na mipaka ina utaratibu. Mzee wa Afrika Kusini alilalamika kuhusu ofisi moja ambako alirudi siku tatu kwa karatasi moja, na kusikiliza nikaona aibu kidogo, ila hilo nalo linarekebishika. Ninachosema ni kwamba ukimaliza mihuri yote una kila kitu isipokuwa mwenyeji. Uko ndani ya nchi kisheria, na hakuna mtu hata mmoja ufukweni ambae jina lake limefungwa na lako. Hapo sasa kila unaemkutana nae ni muuzaji na wewe ni pochi inayotembea, na ukipoteza kitu unapoteza peke yako.

Vijana wa dikoni nao tusiwalaumu haraka. Kuna kipindi kirefu yoti zilikuwa hazionekani kabisa. Mwaka 2009 wanandoa wa Kiingereza walitekwa na maharamia wa Kisomali wakiwa wametoka Shelisheli wanakuja huku huku Tanzania, wakashikiliwa zaidi ya mwaka, na baada ya hapo wenye yoti wengi wakaikata Afrika Mashariki kwenye ramani zao, bima zikawa hazishikiki. Lile eneo la hatari kubwa lililochorwa kwa ajili ya meli kwenye Bahari ya Hindi lilifutwa rasmi tarehe 1 Januari 2023. Hesabu mwenyewe. Kijana aliyekuwa na miaka saba wakati ule, leo ni mvuvi mtu mzima, amekua bila kuona baharia mgeni akishuka na dingi kununua mihogo. Wageni aliowaona ni wa hotelini, wanaoshushwa kwenye gari lenye kiyoyozi, wanapiga picha, wanaondoka. Angejifunza wapi kwamba mtu wa yoti ni aina nyingine ya mgeni, ni mtu wa bahari kama yeye?

Na hapa ndo nafika kwenye kitu kilichonishika zaidi ile jioni, jinsi maongezi yalivyobadilika. Nusu saa ya kwanza ilikuwa maswali ya kawaida, mnatoka wapi, watoto wanasoma wapi, nyumba yenu iko wapi, hatuna nyumba nyumba ni ile pale, aah. Alafu mtoto wa Kifaransa, binti wa kama miaka tisa, akaanza kuhesabu vidagaa vilivyokuwa kwenye sinia, moja, mbili, traru, nne, tsano, na diko zima likanyamaza alafu likalipuka kwa kicheko. Alikuwa amesoma Mayotte, na hicho ni Kishimaore, lugha ya huko iliyo ndugu ya Kiswahili, wamemfundisha wenzake shuleni. Babu akamwita akamkalisha karibu, wakarudia kuhesabu wote wawili, yeye tatu mtoto traru, yeye tano mtoto tsano, na nikamsikia Babu anasema kwa sauti ya chini kwamba ujanani alifanya kazi na mabaharia wa Ngazija, kule Komoro, waliokuwa wanaongea vile vile, wote wameshakufa.

Baada ya hapo mzee wa Afrika Kusini akasema kitu ambacho nadhani alikuwa amekibeba siku nyingi. Kwamba wakati anashuka kutoka kaskazini usiku alipita juu ya wavu, ukasokotana kwenye propela, na alizama na kisu akaukata gizani, hakuona mtu, akaendelea na safari. Aliuliza wavu kama ule ni bei gani. Nilitafsiri huku naogopa. Pale kulikuwa na watu wa jarife, ule wavu mkubwa wa kutegea samaki, na wavu wa jarife sio kitu cha mchezo, ni akiba ya miaka, wengine wameukopea. Kukawa kimya. Jamaa mmoja mvuvi akataja bei, hakupandisha wala hakushusha, alafu akasema mwaka juzi yeye alikatiwa hivyo hivyo na hajawahi kumjua aliyemkatia, mpaka leo alikuwa anafikiri ni mtu mbaya.

Nataka tuelewe uzito wa hiyo sentensi. Yule mvuvi kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa na adui asiye na sura, na yule mzee mgeni alikuwa na mwathirika asiye na sura, na hata kama sio wavu ule ule, walikaa mita mbili kutoka kwa mwenzake wakaonana. Hakuna ofisi inayoweza kupanga kikao cha namna hiyo. Mgeni alitaka kutoa hela, yule jamaa akakataa akasema wavu uliokata wewe sio wangu, wangu alikata mwingine, ila njoo nikuonyeshe. Ikaanza darasa. Wakachora kwenye mchanga kwa kijiti. Nyavu zinatandazwa kukatisha mkondo, sio kufuata mkondo. Ukiona taa ndogo inapepesa kwenye boya, tafuta ya pili kabla hujapita, usipite katikati. Mtu akizungusha tochi anakuambia zunguka huku, hakuombi msaada wala hakutishii, maana Waholanzi walikiri kwamba wakiona tochi inazungushwa usiku wanazima taa zao na kukimbia wakidhani ni maharamia. Mvuvi anadhani anaokoa wavu wake, mgeni anadhani anaokoa maisha yake, na wote wanaogopana kwenye giza moja. Ngalawa haina ile mitambo inayoonekana kwenye skrini za yoti, wavuvi wengi wadogo hawana redio ya VHF kwa hiyo ile chaneli 16 ambayo mabaharia wa dunia nzima wanaitana haiwafikii, wana simu za mkononi tu. Basi ikabaki hivyo, tochi, na kujuana.

Alafu upepo. Hapa Babu ndo alikuwa profesa. Wageni walikuwa wanataka kushuka kusini kabla ya msimu wa vimbunga, ambao huko kwenye mfereji wa Msumbiji na Madagaska unaanza kama mwezi wa 11 mpaka wa 4, na sisi Dar mara nyingi tunakuwa nje ya njia yake ingawa Hidaya ya mwezi wa 5 mwaka 2024 ilitukumbusha kwamba mara nyingi sio kila siku, ilipiga Mafia na boti za Zanzibar zikasimama. Tatizo lao ni kwamba mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ndo unakuwa na nguvu kweli kweli. Walikuwa na ramani, wana programu za hali ya hewa, wanaona mishale ya rangi kwenye simu. Babu akawaambia sasa hivi ni tanga mbili, kusi inakufa na kaskazi haijazaliwa, msisubiri kaskazi ikomae maana ghuba hii ya Msasani mdomo wake unaangalia kaskazini, kaskazi ikiingia mawimbi yanaingia moja kwa moja na hamtalala. Ondokeni na umande. Upepo wa umande unatoka nchi kavu alfajiri, kaeni karibu na pwani ambako mkondo ni mvivu, saa nne tano jua likipanda utawageukia, tieni nanga nyuma ya kisiwa, mpumzike, kesho tena. Yule mzee wa Afrika Kusini alikuwa anaandika kwenye daftari kwa haraka kama mwanafunzi, ananiuliza umande unaandikwaje.

Mke wake akauliza jahazi linabishaje upepo, yaani linaendaje kinyume na upepo, kwamba amekuwa akiangalia na haelewi. Swali zuri, nilikuwa hata mimi sijui kulijibu. Babu akachukua kipande cha mti na khanga ya dada wa mihogo akaonyesha, kwamba jahazi halipitishi omo, yaani mbele yake, kwenye upepo kama yoti, linageuka kwa kuzungukia nyuma, tezi, yaani nyuma yake, ndo inapita upeponi, na foromali, ule mti unaoshika tanga, yote pamoja na tanga inahamishiwa upande wa pili wa mlingoti, kazi ya watu wengi na kuimba. Wakati huo Mfaransa alikuwa ameshaenda kupima ngalawa kwa mikono, anapapasa mirengu yake, ile miti ya pembeni inayoizuia isipinduke, anarudi anasema hii ni ndugu wa chombo changu. Hakukosea. Wataalamu wengi wanaona mirengu ililetwa upande huu na watu wa Asia ya Kusini Mashariki, wale wale ambao wazao wao wako Madagaska, na neno katamarani lenyewe asili yake ni Kitamil, magogo yaliyofungwa pamoja. Yaani yule bwana amenunua kwa mamilioni ya hela chombo ambacho jina lake ni la Bahari ya Hindi, amekuja nacho mpaka Msasani, na amekutana na binamu yake aliyechongwa kwa mwembe. Mwenye ngalawa ni kijana ambae kwenye mji huu hata kodi ya chumba anaombwa miezi sita kwa sababu anaonekana hana kazi. Usiku ule watu watatu wa Ulaya walikuwa wanamuuliza yeye, na anajibu amesimama wima.

Hicho ndo ninachokiita thamani. Sio kwamba wageni walifurahi, wageni wanafurahi hata kwenye bwawa la hoteli. Ni kwamba mvuvi wa Dar alikaa kwenye nafasi yake halisi, ya baharia mbele ya mabaharia. Kwa siku za kawaida huyu mtu ni sehemu ya mandhari, au ni tatizo la mipango miji.

Nisiifanye jioni ile kuwa peponi. Wageni wana ada yao kwamba wakikusanyika ufukweni kila chombo kinaleta sahani, kama sisi tunavyopelekeana futari, na waliona vibaya kukaa mikono mitupu, kwa hiyo Mholanzi mmoja akapita tope mpaka kwenye maji akachukuliwa na vijana wawili kwa hori, mtumbwi mdogo, wakaenda kwenye yoti gizani, vijana aliowajua kwa saa moja tu. Wakarudi na mikate, bakuli la viazi, jibini, na bia. Hapo kwenye bia kukawa na ukakasi, Isha imeshaadhiniwa, wazee wapo, watoto wapo. Babu akasema kwa upole kabisa, vinywaji vyenu vibaki kwenye dingi, hapa tuna kahawa. Wakapeleka, bila neno, na muuza kahawa akapita na dele lake na kashata. Hiyo nayo ni kazi ya mwenyeji, kumwambia mgeni mpaka uko wapi kabla hajauvuka akachukiwa bila kujua sababu. Kijana mmoja alianza habari za dola, nipe dola nikulindie dingi, wenzake wakamtoa pembeni.

Kilichonikera kweli ni kingine. Dada wa mihogo na wenzake wawili waliokuwa wanakaanga samaki walikuwa wamesimama toka mchana, na kwa masaa kama matatu watu walikula kana kwamba chakula kinaota. Sisi wanaume tulikuwa tunajenga urafiki wa mataifa juu ya mkaa wa mtu mwingine. Nilipoenda kuuliza dada akaniambia taratibu, "Kaka, mimi sijakataa wageni, ila hii mihogo nimeichukua kwa mkopo Tandale asubuhi." Nikamwambia Babu, na Babu hata hakusita, akasema kwa sauti wote wasikie, hawa wanauza, walipeni, tena lipeni na alivyokula mtoto. Wageni wakalipa, na kiukweli walionekana wamepata ahueni, maana walikuwa hawajui kama kulipa ni tusi. Kile cha Ibn Battuta kilifanya kazi kwa sababu mwenyeji alikuwa anafaidika. Ukarimu unaomla mama ntilie mtaji wake huo mimi siutetei.

Sasa tuje kwenye siasa yake. Kila mtu anaongelea uchumi wa buluu. Nimekaa kwenye mikutano miwili mitatu, na yoti zikitajwa zinatajwa pamoja na neno marina, gati za kisasa, geti, kamera, maduka. Sipingi gati. Boti inahitaji maji safi, dizeli, mtu wa kuchomelea chuma, na mtungi wa gesi wenye kichwa kinachoingiliana na wake, kitu ambacho wageni wale walikihangaikia siku mbili mpaka fundi mmoja wa Gerezani akawachongea kiunganishi. Ila mtu wa yoti hazunguki dunia kwa ajili ya kuona gati, gati ziko kwao. Anapokaa mwezi badala ya siku tatu, na kununua kwa mwezi badala ya siku tatu, ni pale alipopata watu. Na watu wako dikoni, sio nyuma ya geti.

Kuna rafiki yangu niliemsimulia akaja na wazo kwamba basi kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe, BMU, kipewe rasmi kazi ya uenyeji, kiwe na daftari, ada ndogo ya kushusha dingi, mlinzi, kibao cha kuonyesha nyavu ziko wapi. Nimelifikiria sana na bado naona sehemu yake ni nzuri. Kibao cha nyavu, ndio. Mlinzi anaelipwa, ndio, ili yule kijana wa dola awe na njia ya halali. Ila daftari na ada naogopa, kwa sababu naijua nchi yangu, ada ikishakuwa na risiti itapata ya pili, alafu kibali, alafu kamati, na siku moja Babu ataambiwa hana sifa ya kukaribisha mgeni. Jioni kama ile haijengwi. Inaachiwa nafasi, na nafasi yenyewe ni ardhi.

Maana angalia, ili wale watu nane wapwelewe mbele ya macho yetu ilibidi kuwe na ufukwe ambao mgeni anaweza kushuka na mvuvi anaweza kukaa, mahali pamoja, bila kumuomba mtu. Zunguka rasi ya Msasani uhesabu sehemu za namna hiyo zimebaki ngapi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni, imeandikwa, ipo, na bado ukuta baada ya ukuta umeshuka mpaka majini, mahali pengine maji yakijaa huwezi kupita kwa miguu. Watu wengi wa Dar bahari yao ni Koko Bichi Jumapili, mihogo na foleni, ambayo naipenda, ila huko wanaenda kuiangalia bahari, na diko ni mahali ambapo bahari inafanyiwa kazi. Ukishaziba diko mvuvi anahamia mbali, na mgeni anashuka kwenye kilabu au hotelini, anakunywa na wageni wenzake, anaondoka anasema Dar ni mji wa foleni.

Kama saa saba usiku maji yalikuwa yameanza kurudi ila bado yako mbali, watoto wamelala kwenye mkeka wamefunikwa khanga, na Babu akasema haya, tusiwacheleweshe umande. Vijana kumi na kitu wakashika dingi ya kwanza, mmoja akaanzisha wimbo wa kuvutia chombo, na wakaibeba mabegani na injini yake kwenye mbalamwezi, kwenye tope, zaidi ya mita mia, wakaishusha taratibu majini. Alafu ya pili. Alafu ya tatu. Namba za simu zilibadilishwa, na yule jamaa wa jarife akapewa kipande kirefu cha kamba ya yoti, kamba nzuri sana, aliichukua. Wiki tatu baadae Babu aliletewa kwenye WhatsApp ya mjukuu wake sauti ya yule binti anahesabu, wako Richards Bay, Afrika Kusini, na amesema tatu badala ya traru.

Jumanne iliyopita nimepita pale. Kuna vigingi vyenye vichwa vya rangi nyekundu vimechomekwa kuanzia kwenye ule mkungu kushuka mpaka karibu na ngalawa. Nimeuliza watu watano, hakuna anaejua ni vya nani, aliyekuja kuvichomeka alikuja asubuhi wavuvi wako baharini. Nimemkuta Babu kwenye gogo lake, nikamwamkia, tukakaa. Alikuwa ametandaza wavu wake juu ya vigingi vitatu anaushona.